Kuvumwani adimu na mkrismasi wa mjini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mvua zinapoanza kunyesha Kigoma, mwezi wa kumi kuelekea wa kumi na moja, mikrismasi ya mjini inawaka nyekundu na mawe ya makorongoni yanageuka kijani. Mikrismasi inapigwa picha. Ukijani wa kwenye mawe unakanyagwa na watu wanaoenda kuchota maji. Mimi ni mtunza kitalu cha miche, na maswali yafuatayo nimeulizwa mara nyingi na wateja, majirani, na wanafunzi wa sekondari wanaopita kitaluni wakitoka shule. Nimeona ni vyema niyaweke pamoja na majibu yake. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa kuwa yana mengi ndani yake, mengine kwa sentensi chache tu.

Huo ukijani wa kwenye mawe si ukungu tu?

Hapana, ni mmea uitwao kuvumwani (moss kwa Kiingereza). Kuvumwani ina kishina, ina majani, ina klorofili na inajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, sawa na mwembe au mhindi. Ukungu unaoota kwenye mkate ni kuvu, nao hula kile ulichoota juu yake. Ule utelezi wa kijani kwenye pipa la maji ni mwani. Na yale magamba ya kijivu yanayogandamana na gome la mwembe ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Hayo nayo ni kitu kingine.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuinama. Ukisogeza macho karibu, au ukitumia kamera ya simu na kukuza picha, kuvumwani itakuonyesha majani madogo yaliyopangana kuzunguka kishina. Ukungu na mwani havina majani.

Ni mkrismasi upi unaozungumziwa hapa?

Ule mti wenye kivuli kipana unaopandwa shuleni, kwenye viwanja vya ofisi na kandokando ya barabara, ambao kitaalamu unaitwa Delonix regia. Si ule msonobari unaokatwa na kupambwa ndani ya nyumba mwezi wa kumi na mbili.

Ua lake linafaa kuangaliwa likiwa mkononi. Lina petali tano. Nne zimetanuka na ni nyekundu tupu. Ya tano imesimama wima, imejikunja kidogo, na ina madoa meupe na ya njano yaliyotapakaa juu ya wekundu. Katikati zimechomoza stameni kumi ndefu zenye chavua. Watu wengi wameishi chini ya mti huu miaka yote bila kuiona ile petali ya tano, kwa sababu maua hutazamwa yakiwa juu, yote kwa mkupuo.

Asili yake ni Madagaska. Wengi wanadhani ni mti wetu kwa kuwa wamezaliwa wakaukuta, lakini uliletwa, na sasa umetapakaa karibu katika nchi zote za joto duniani.

Na hiyo kuvumwani adimu ni ipi?

Duniani kuna takriban spishi 12,000 za kuvumwani, na nyingi kati ya zilizo adimu hazijulikani hata na watu wanaoishi jirani nazo. Nimechagua moja ambayo habari zake zimechunguzwa vizuri: Takakia lepidozioides.

Haipo Kigoma, wala haipo popote Afrika. Huota katika sehemu chache za baridi, zikiwamo Himalaya na uwanda wa juu wa Tibet, Japani, na pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika Kaskazini. Kule Tibet iko kwenye majabali yaliyo zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Mlima Nkungwe, kilele cha milima ya Mahale kusini mwa Kigoma, una mita 2,462, kwa hiyo hata ukiongeza nusu ya mlima huo juu yake bado hujafika. Huko Takakia hufunikwa na theluji takriban miezi minane ya mwaka, na ile miezi minne iliyobaki hupigwa na mionzi mikali ya jua. Urefu wake ni kama sentimita moja. Majani yake hayafanani na majani mengine: yamegawanyika kuwa vijiti vyembamba vya mviringo.

Ilipoelezwa rasmi mwaka 1958, ikapewa jina la Mjapani Noriwo Takaki aliyeikusanya, wataalamu hawakujua waiweke kundi gani. Ilibaki katika utata huo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale ndugu yake wa jenasi hiyo hiyo (kundi la spishi za karibu) alipopatikana katika visiwa vya Aleutian, Alaska, akiwa na vikapsuli, yaani vifuko, vya spora, zile chembe ndogo za uzazi. Ndipo ikathibitika kwamba ni kuvumwani.

Watafiti wa China na Ujerumani walianza kuifuatilia Tibet mwaka 2010, wakapanda milima hiyo tena na tena kwa zaidi ya miaka kumi, wakachapisha matokeo yao mwaka 2023. Walikadiria kuwa jenasi ya Takakia ina umri wa miaka milioni 390. Ilikuwapo kabla milima ya Himalaya haijainuka. Ardhi ilipandishwa na mmea ukapanda nayo, ukibadilika taratibu kustahimili baridi na mionzi. Katika miaka ile ya utafiti waliona eneo ulilofunika likipungua kwa takriban asilimia 1.6 kila mwaka, huku joto likiongezeka.

Mmea uliostahimili kuinuka kwa milima ile sasa unapungua, na wenye kulitambua hilo ni watu wachache mno. Hili ndilo lililonifanya niache kuwaambia wateja kwamba kuvumwani ni takataka za mawe.

Kwa nini mkrismasi unafika mita kumi na kuvumwani haifiki hata goti?

Jibu liko kwenye maji.

Mkrismasi una zailemu, mirija inayopandisha maji kutoka mizizini hadi kwenye jani la mwisho. Kuta za mirija hiyo zimeimarishwa kwa lignini, kitu kinachoufanya ubao uwe ubao. Kwa hiyo mti unaweza kusimama wima, kujitanua, na kunyonya maji yaliyo chini sana wakati udongo wa juu umekauka. Majani yake yamepakwa nta inayozuia maji yasipotee ovyo. Kiangazi kikizidi hupukutisha majani na kungoja.

Kuvumwani haina lignini. Haina mizizi pia. Ina vinyweleo tu vya kujishikiza kwenye jiwe au gome. Maji na madini inayapokea kwa mwili mzima, kutoka kwenye mvua, umande, ukungu wa asubuhi na michirizi ya mwambani. Mmea unaokunywa kwa ngozi hauwezi kurefuka sana, kwa sababu sehemu za juu zitakauka. Wapo warefu kiasi, kama Dawsonia superba wa Australia, New Zealand na visiwa vya jirani, anayeweza kufikia nusu mita hivi, lakini hao ni wachache.

Ila kuna jambo moja ambalo kuvumwani inaliweza na mkrismasi hauliwezi. Tafuta mwezi wa nane au wa tisa ukuta wa zamani au jiwe lenye kuvumwani iliyokauka, ile ya kahawia inayosagika ukiigusa. Idondoshee maji kwa ncha za vidole, kisha usiondoke. Majani yaliyokuwa yamejisokota kwenye kishina yanaanza kufunguka, moja baada ya jingine, yanasimama, na kahawia inaondoka, kijani kinarudi. Inachukua dakika chache. Mmea ule haukuwa umekufa. Kuvumwani nyingi zinaweza kupoteza karibu maji yote ya mwilini, zikasimamisha shughuli zote, zikaendelea kuishi mvua inaporudi. Mche wa mkrismasi ukinyauka kufikia kiwango hicho, ni wa kutupa.

Wanafunzi wakija kitaluni huwa nawaonyesha jambo hilo kabla ya kuwapa maelezo yoyote. Mtoto aliyeona jani likifunguka mbele yake hana haja ya kukaririshwa.

Kama haina maua, inazaaje?

Kwa spora, na kwa hatua mbili zinazopokezana.

Ule mmea wa kijani tunaouona kwenye jiwe unaitwa gametofiti. Seli zake zina seti moja tu ya kromosomu. Takakia, kwa mfano, ina kromosomu nne tu, wakati seli ya kawaida ya mkrismasi ina 28, zikiwa seti mbili. Gametofiti inatoa mbegu za kiume zenye mikia miwili na mayai. Mbegu ya kiume lazima iogelee kulifikia yai, kwa hiyo pasipokuwa na utando wa maji, hata mwembamba kiasi gani, hakuna kutungwa. Yai likirutubishwa linaota papo hapo juu ya mama yake, linakuwa kijiti chembamba chenye kikapsuli kichwani. Hiyo ndiyo sporofiti. Kikapsuli kikikomaa kinafunguka, spora zinapeperushwa na upepo, na zikitua mahali panapofaa zinaanza upya.

Kwa mkrismasi mambo yamegeuka. Mti mzima, kuanzia mizizi hadi kwenye ua, ndio sporofiti. Gametofiti imebaki ndogo mno: iko ndani ya chembe ya chavua, na ndani ya kiini cha mbegu changa kilichofichwa kwenye ovari. Chavua haihitaji kuogelea. Inabebwa, na mrija wake unaotambaa ndani ya ua unazipeleka mbegu za kiume hadi kwenye yai.

Nani anabeba? Kwa mkrismasi ni wageni wa mchana wanaofuata rangi na utamu, wakiwamo vipepeo wakubwa. Kwa kuvumwani ilidhaniwa muda mrefu kwamba ni maji peke yake. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa utitiri na vijidudu vidogo vinavyorukaruka kwenye majani makavu navyo husafirisha mbegu za kiume kutoka kuvumwani moja hadi nyingine. Biashara hiyo ya kubebana basi si ya maua tu.

Mbali na spora, kipande cha kuvumwani kilichokatika kikidondoka penye unyevu kinaweza kuota mmea mpya. Tawi la mkrismasi lililokatika kwa kawaida ni kuni.

Kwa nini mmoja uwe adimu na mwingine uwe kila mahali?

Swali hili ninalipenda kuliko yote, kwa sababu watu wengi hutarajia jibu liwe kwamba kuvumwani ni dhaifu.

Spora ni nyepesi kuliko vumbi la kawaida. Zinavuka nchi na bahari. Zipo kuvumwani zinazopatikana karibu mabara yote kwa ajili hiyo. Bryum argenteum, ile yenye rangi ya fedha kwenye nyufa za saruji, utaikuta Kigoma, utaikuta Ulaya. Mbegu za mkrismasi, kwa upande wake, zimo ndani ya ganda gumu jeusi linaloweza kufikia sentimita 60, na likidondoka linabaki chini ya mti. Watoto huliokota wakapigia kayamba. Kwa kusafiri, kuvumwani inaushinda mti kwa mbali.

Tofauti iko kwenye mahali pa kutua. Kuvumwani adimu mara nyingi inadai vitu vingi kwa wakati mmoja: aina fulani ya mwamba, kivuli cha kiasi fulani, maji yanayochuruzika bila kukatika, hewa baridi. Mahali penye vyote hivyo panaweza kuwa jabali moja tu bondeni. Kata miti miwili inayolitia kivuli, jua liingie mchana, na spishi nzima ya pale imekwisha bila mtu kuigusa.

Mkrismasi umeenea kwa sababu binadamu ameubeba. Tumeupenda, tukachukua mbegu, tukazilowesha, tukamwagilia miche, tukaizungushia miiba mbuzi wasile. Bila sisi ungebaki Madagaska katika misitu mikavu ya huko, misitu ambayo imekatwa sana kwa ajili ya mashamba na mkaa. Kwa hiyo mti huu ulio kila mtaa wa Kigoma kwao si wa kila mtaa. Mteja akiniambia kitu hakiwezi kuwa na thamani kama hakuna anayekipanda, huwa namtajia hilo.

Hapa kwetu Kigoma kuna kuvumwani za aina gani?

Zipo za mjini ambazo mtu yeyote anaweza kuziona. Hiyo ya fedha kwenye saruji nimeitaja. Mahali palipochomwa moto, kwenye majivu ya zamani, hupenda kuota Funaria hygrometrica, yenye vijiti vyekundu-njano vinavyojisokota na kujisokotoa kufuatana na unyevu wa hewa. Na kwenye magome katika nchi za joto, hasa ya jamii ya michikichi, kuna Octoblepharum albidum, yenye majani manene ya kijani kilichopauka hadi karibu meupe. Kwa mkoa unaoishi kwa mawese, hiyo ya mwisho ingefaa watoto wote waijue. Angalia shinani, kwenye mabaki ya makuti yaliyokatwa, panapokaa unyevu.

Za adimu hazitafutwi mjini. Zitafute, kwa macho, kwenye mabonde yenye msitu wa kijani kibichi mwaka mzima. Gombe, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, miteremko yake mingi ni miombo na nyasi zinazokauka na kuungua, lakini mabonde yake, kama Kakombe na Mkenke, yana vijito na miti mirefu inayofunga kivuli. Kakombe ina maporomoko ya maji, na mawe yaliyo karibu na maporomoko hulowa hata mwezi wa nane. Mahale nayo, hifadhi tangu 1985, ina msitu wa mlimani unaopokea ukungu kutoka ziwani. Watalii wanapita hapo wakiwatafuta sokwe, na ni haki yao. Ningefurahi mwongozaji mmoja mmoja akiwasimamisha pia mbele ya jiwe.

Wenzetu wa Tabora wana kiangazi kikali zaidi na ardhi tambarare, kwa hiyo kuvumwani zao nyingi ni za kwenye magome ya miombo, miamba na kingo za mito, zinazolala miezi ya kiangazi na kuamka na mvua.

Je, kuvumwani inaua mti?

Haiui. Haina mizizi ya kuingia ndani ya gome na hainyonyi utomvu. Imepanga tu pale. Ukiona mwembe wenye kuvumwani nyingi unakufa, tafuta sababu nyingine: mchwa, ugonjwa wa mizizi, uzee, au gari lililochubua shina. Kuusugua mti kwa brashi ya chuma ili "kuusafisha" kunaumiza gome na kuufungulia magonjwa mlango. Tafadhali acheni.

Ina faida gani?

Maua ya mkrismasi hayahitaji wakili, kwa hiyo hapa nitaisemea kuvumwani.

Kwanza maji. Mtaalamu wa Hungaria Tamás Pócs, aliyefundisha Morogoro miaka ya 1970, alipima mimea inayoota juu ya miti katika milima ya Uluguru. Katika msitu wa mawingu ulio juu kabisa, mimea hiyo, sehemu kubwa ikiwa ni kuvumwani na jamaa zake, ilifikia zaidi ya tani 10 za uzito mkavu kwa hekta. Mvua ikinyesha inanaswa hapo kwanza, halafu inashuka taratibu. Mto Ruvu unaowapa maji watu wa Dar es Salaam unaanzia kwenye milima hiyo. Mtu anayefungua bomba Kariakoo anakunywa maji yaliyopita kwenye kuvumwani.

Pili udongo. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika mabara yote, ukiongozwa na watu wa Australia, uliokadiria kuwa kuvumwani za ardhini zinafunika kilomita za mraba milioni 9.4, karibu mara kumi ya Tanzania nzima, na kwamba udongo ulio chini yake umehifadhi kaboni tani bilioni 6.43 zaidi ya udongo mtupu. Kwenye miteremko yetu, ambako mvua ya kwanza ya Novemba inaondoka na udongo mwekundu hadi ziwani, utando wowote unaoshika ardhi ni msaada.

Tatu, ni makazi. Chini ya kila pazia la kuvumwani kuna viumbe vidogo vinavyoliwa na vikubwa kidogo, hadi kumfikia ndege.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kuvumwani aina ya Sphagnum ilikusanywa Ulaya na kutumika kufungia vidonda vya askari, kwa sababu inanyonya majimaji mengi mara nyingi kuliko uzito wake na inazuia bakteria kuongezeka. Naomba lakini mtu asichukue kuvumwani ya korongoni akaiweka kwenye kidonda. Ile ilisafishwa, na ilikuwa ya aina nyingine.

Nipande mkrismasi nyumbani?

Panda ukiwa na nafasi. Kivuli chake ni kizuri na Kigoma tuna jua la kutosha. Ila mizizi yake husambaa karibu na uso wa ardhi, inainua sakafu na kupasua mitaro, na matawi yake hukatika kirahisi upepo wa ziwani ukivuma. Usiuweke chini ya mita kumi kutoka kwenye nyumba, choo au tenki la maji. Kwenye kiwanja cha ishirini kwa ishirini mimi huwa sikuuzii, nakushauri mchungwa.

Mbegu zake zina ganda gumu. Zimwagie maji ya moto yaliyoepuliwa, zilale humo usiku kucha, asubuhi panda zilizovimba. Ambazo hazijavimba zikwangue kidogo upande mmoja kwa msasa kisha uziloweshe tena.

Na kuvumwani naweza kuipanda?

Unaweza kuikaribisha ile ya kawaida. Weka jiwe au kigae kivulini, kilowe mara kwa mara kwa maji ya mvua, usiweke sabuni wala mbolea, na uwe na subira. Itakuja yenyewe. Usiibandue kutoka bondeni ukaileta uani. Nyingi hufa ndani ya wiki chache, na ulikoitoa umeacha jiwe tupu.

Tukipanda mikrismasi mingi si tunafidia msitu uliokatwa?

Swali hili huja hasa wakati wa kampeni za kupanda miti, na mimi ninayeuza miche ndiye ninayepaswa kulijibu kwa uwazi: hapana.

Mkrismasi kando ya barabara unatoa kivuli na uzuri, na siupuuzi. Lakini haulirudishii korongo ile hali yake. Msitu wa bondeni umejengwa kwa ngazi: miti mirefu, midogo chini yake, mitambaazi, feri, kuvumwani, udongo mweusi usiokauka. Ukikata ile ya juu ili kulima mahindi hadi ukingoni mwa kijito, ngazi zote zinaanguka, na ya kwanza kuondoka ni ile inayokunywa kwa ngozi. Ukipanda mikrismasi mia moja mjini, hakuna hata mmoja utakaoinyeshea kuvumwani ile. Mti huo hupukutisha majani kiangazi, wakati ambapo jiwe lilihitaji kivuli zaidi.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na ziwa. Ikifuatwa kwenye vijito vyetu, kuvumwani haitahitaji mtu wa kuipanda. Kwa hiyo mtu akija na fedha za miche na kuniuliza aanzie wapi, namwambia aanze kwa kuliacha korongo lililo nyuma ya kijiji chao lifunge tena kwa miti. Fedha ikibaki, nitamuuzia mikrismasi.

Mwalimu anataka tofauti mbili tu za mtihani. Niandike zipi?

Andika kwamba kuvumwani haina zailemu wala floemu (mirija ya kusafirisha chakula) na mkrismasi unazo. Na kwamba kwa kuvumwani gametofiti ndiyo kubwa na inayojitegemea, wakati kwa mkrismasi ni sporofiti. Ukiombwa ya tatu, sema spora na mbegu. Usiandike kwamba kuvumwani "haijakamilika". Si kweli, na mwenye kusahihisha vizuri hatakupa maksi.

Nimeona kuvumwani nisiyowahi kuiona. Nifanye nini?

Piga picha tatu: moja ya mbali inayoonyesha mahali, moja ya jiwe au gome zima, na moja ya karibu kabisa, ikiwezekana yenye vikapsuli. Weka kando yake sarafu ya shilingi mia ili ukubwa ujulikane. Andika tarehe, jina la kijito au mlima, na imeota juu ya nini: mwamba, udongo, gome hai, gogo lililooza. Maelezo hayo yana uzito kuliko sampuli isiyo na maelezo.

Ukiwa nje ya hifadhi na kuvumwani ikiwa nyingi, unaweza kuchukua kipande kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Kiweke kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, kwa sababu ndani ya nailoni kitaoza. Kiache kikauke kivulini. Kuvumwani kavu inakaa miaka mingi, na mtaalamu akiilowesha majani yatafunguka tena na kuonekana vizuri. Mikusanyo ya mimea inayotunza sampuli za namna hiyo iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ile ya taifa iko Arusha. Ndani ya Gombe au Mahale usichukue chochote bila kibali. Mwonyeshe askari wa hifadhi, naye aandike mahali ulipoiona.